Namna ya Kuweka Dawa ya Kunyoosha Nywele Nyumbani bila Kuunguza Ngozi wala Kukatisha Nywele

Dawa ya kunyoosha nywele hufanana na mafuta ya kujipaka, hunukia vizuri na huuzwa katika kopo lenye picha ya nywele zinazong'aa, na huenda ndiyo maana watu wengi huizoea upesi kuliko inavyostahili. Krimu iliyomo ndani ya kopo hilo ni kemikali inayochoma. Kipimo chake cha pH, yaani kile kinachopima asidi na alkali, kwa zile dawa zinazotumia hidroksidi, ambayo ni alkali kali, huwa kati ya 12 na 14, ilhali nywele na ngozi ya kichwa hukaa katika hali ya asidi hafifu, karibu na 5. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi ya ile iliyoitangulia, kwa hiyo umbali kati ya 5 na 12 ni mkubwa kuliko tarakimu zenyewe zinavyodokeza.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye amekwisha kuamua kuweka dawa nyumbani na anataka kuifanya kazi hiyo kwa uangalifu. Jambo ninalomwomba alishike tangu mwanzo ni kwamba dawa haijui mahali pa kukoma. Nywele zikishanyooka, dawa huendelea kula, na ikishamaliza nywele huendelea na ngozi. Kazi yote ya mwekaji ni kuamua dawa iguse wapi, ikae dakika ngapi na itoke kwa njia gani.

Dawa inaufanya nini unywele

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za keratini zimeshikana kwa vifungo vya salfa ambavyo ndivyo vinavyoupa unywele nguvu na kuushikilia katika mkunjo wake. Hidroksidi huuvimbisha unywele, hupanua magamba yake ya nje, hupenya hadi ndani na kuvigeuza sehemu ya vifungo hivyo kuwa vya aina nyingine, vyenye chembe moja ya salfa mahali palipokuwa na mbili. Unywele ukinyooshwa wakati umelegea hivyo, hubaki umenyooka. Mageuzi hayo hayarudi nyuma hata uoshe mara mia, na unywele unaoota baadaye hutoka na mkunjo wake wa kuzaliwa kwa sababu dawa haikuifikia mizizi iliyo ndani ya ngozi.

Kutokana na hilo, unywele uliokwisha kunyooka hauna haja ya dawa tena. Ukipakwa mara ya pili haupati uzuri wowote, bali unapoteza vifungo vilivyobaki, na hapo ndipo hukatika. Ndugu yangu mmoja alikatika nywele kwa kipimo kimoja kuzunguka kichwa chote, kana kwamba zimepimwa kwa rula, na tulipofuatilia tukagundua kwamba kila alipoweka dawa aliipitisha vidole viwili ndani ya nywele za zamani. Dawa yake ilikuwa nzuri na muda aliuzingatia. Kosa lilikuwa mpaka.

Kusoma lebo kabla ya kufungua kopo

Dawa za hidroksidi ni za aina mbili kuu. Ya kwanza hutumia hidroksidi ya sodiamu, yaani soda kali, na huja ikiwa tayari kupakwa. Hufanya kazi haraka na huacha nywele zikiwa laini, lakini huiunguza ngozi kwa urahisi zaidi, na kwa maoni yangu haifai kuwekwa na mtu asiye fundi. Ya pili huandikwa kwamba haina soda kali. Hii huja katika vyombo viwili, krimu yenye hidroksidi ya kalisi na maji yenye kabonati ya guanidini, na vinapochanganywa ndipo hidroksidi ya guanidini, ambayo ndiyo dawa yenyewe, inapozaliwa. Changanya vyote kwa ukamilifu kama kijitabu cha ndani kinavyoagiza, usikadirie nusu kwa macho, na mchanganyiko uliobaki usiuhifadhi kwa matumizi ya mwezi ujao.

Maneno “haina soda kali” yamewapoteza wengi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichapisha matokeo ya kupima pH ya dawa za aina zote mbili, zikiwemo zinazotangazwa kuwa ni za watoto, na walikuta ziko katika kiwango kinachotosha kuunguza ngozi. Dawa isiyo na soda kali humpa mtu nafasi zaidi kidogo kabla ngozi haijaanza kuwasha, wala haiwi maji ya waridi. Ina pia udhia wake wa pekee, kwa kuwa huacha mabaki ya kalisi juu ya nywele, na mabaki hayo huzifanya kuwa kavu na zisizo na mng'ao, hivyo mtumiaji anahitaji shampuu ya kuondoa madini kila baada ya muda.

Kundi jingine ni la dawa za thayoglikolati, ambazo hutumika kunyoosha na pia kutengeneza kalikiti. Hizi huvunja vifungo vya salfa, kisha dawa ya pili yenye peroksidi ya haidrojeni huviunga upya katika umbo jipya. Kundi hili na kundi la hidroksidi haviwezi kukaa kwenye unywele mmoja kwa hali yoyote. Kichwa chenye kalikiti kikipakwa dawa ya hidroksidi, nywele hukatika zikiwa bado kwenye taulo. Kama hukumbuki ulichowekewa mara ya mwisho na nywele hizo bado ziko kichwani, usikisie.

Kuhusu zile huduma zinazoitwa za keratini, ambazo hupakwa kisha zikapigwa pasi ya nywele yenye moto mkali, ushauri wangu ni kwamba zisifanywe nyumbani kabisa. Nyingi kati yake hutoa formaldehaidi zinapopata joto, na kemikali hiyo, ambayo ndiyo kiini cha formalini inayohifadhia maiti, imewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Chumba cha kulala au bafu lenye dirisha dogo si mahali pa mvuke wa namna hiyo. Baadhi ya bidhaa mpya zimeweka asidi ya glioksiliki badala yake, na mwaka 2024 madaktari wa Ufaransa walichapisha taarifa ya mwanamke aliyepata madhara ya figo baada ya kutumia dawa yenye asidi hiyo.

Nani asiweke dawa

Asiweke mwenye kidonda, upele, mikwaruzo au mba uliopasua ngozi ya kichwa. Asiweke aliyepausha nywele kwa dawa ya kuondoa rangi, kwa sababu upaushaji umeshazidhoofisha. Asiweke aliyefumua misuko leo au jana, kwani ngozi iliyovutwa kwa wiki kadhaa huwa na majeraha madogo yasiyoonekana. Apumzishe kichwa walau wiki mbili. Mjamzito azungumze kwanza na daktari wake. Watoto nisingewawekea hata kidogo, bila kujali picha iliyo kwenye kopo, maana ngozi yao ni nyepesi na hawana subira ya kutulia hadi kazi iishe.

Kuna jambo jingine ambalo mtu mzima anastahili kulijua kabla ya kuamua. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Walikadiria kwamba miongoni mwa wasiotumia kabisa dawa za kunyoosha, asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70, na kwa wale waliozitumia zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja, makadirio yalipanda hadi asilimia 4.05. Utafiti wa namna hiyo huonyesha uhusiano tu, hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini ni sababu tosha ya kupunguza idadi ya mara unazoweka kwa mwaka.

Siku chache kabla

Usioshe nywele kwa siku tatu hivi kabla ya kuweka dawa, ili mafuta ya asili yaendelee kuifunika ngozi. Usikune kichwa, usichane kwa nguvu hadi kwenye ngozi. Mahali ulipokuna asubuhi ndipo dawa itakapochoma jioni, na hili ni kosa linalowaponza hata wazoefu.

Fanya jaribio la kishungi kimoja. Chukua nywele chache kutoka kisogoni, mahali ambapo hazitaonekana zikiharibika, zipake dawa kwa muda ulioandikwa, zioshe kikamilifu, kisha zivute taratibu. Zikinyooka na kubaki imara, unajua muda wako. Zikivutika kama mpira au zikakatika mkononi, kichwa hicho hakipaswi kupata dawa kwa sasa. Jaribio hili pia hukuonyesha nguvu inayokufaa, kwa kuwa kila aina ya dawa hutolewa katika nguvu hafifu, ya kawaida na kali. Nywele nyembamba au zenye rangi zinatosheka na ile hafifu. Iliyo kali huchaguliwa mno na watu wenye haraka, na mara nyingi hawaihitaji.

Andaa vifaa vyote kabla: glavu, bakuli na brashi za plastiki, kitana chenye mkia, chanuo la meno mapana, vibanio vya plastiki, mafuta ya mgando, kondishna, shampuu ya kukata dawa na saa inayolia. Vyombo vya chuma viepukwe, hasa vya alumini, kwa sababu hidroksidi huila alumini. Hakikisha maji yapo. Kama si ya bomba linalotiririka, yachotwe na yapashwe hadi yawe vuguvugu kabla kopo halijafunguliwa, na yawe mengi kuliko unavyodhani. Niliwahi kuwa na mtu ambaye maji yalimkatikia dawa ikiwa kichwani, na hofu ya dakika zile sijaisahau.

La mwisho katika maandalizi ni mtu wa pili. Mikono haifiki vizuri nyuma ya kichwa na macho hayafiki kabisa. Anayejiwekea peke yake hupaka kisogo kwa kukisia, na kukisia ndiko kunakoipeleka dawa kwenye nywele za zamani.

Kupaka

Gawa nywele mafungu manne, kutoka paji la uso hadi shingoni na kutoka sikio hadi sikio, kisha zibane. Paka mafuta ya mgando kwenye mstari wa nywele, juu ya masikio na nyuma yake, shingoni, na kidogo kidogo kwenye ngozi ya kichwa yote bila kuyasugua. Nywele za zamani zilizokwisha kunyooshwa zifunike kwa kondishna nzito au mafuta, kuanzia pale mkunjo mpya unapoishia. Utando huo ndio unaolinda mpaka niliousema.

Washa saa pale unapogusa unywele wa kwanza. Muda ulioandikwa kwenye kijitabu huhesabiwa kwa jumla, na dawa nyingi hazitakiwi kuzidi dakika 15 hadi 20 tangu mwanzo wa kupaka hadi mwisho wa kulainisha. Kama unajua kwamba kupaka kichwa kizima kutakuchukua nusu saa, gawa kazi: weka nusu ya kichwa, ioshe na kuimaliza kabisa, kisha urudi kwa nusu nyingine siku nyingine. Ni afadhali kuonekana na nywele za namna mbili kwa wiki moja kuliko kuungua.

Anza kisogoni juu ya shingo, au mahali popote ambapo jaribio au uzoefu umekuonyesha kwamba nywele ni ngumu zaidi. Kwa mkia wa kitana tenga mstari mwembamba, upana wake usizidi sentimita moja, kisha paka kwa brashi juu ya nywele mpya, ukiacha nafasi ya nusu sentimita kutoka kwenye ngozi. Joto la mwili litaisogeza dawa yenyewe. Endelea mstari kwa mstari, fungu kwa fungu, bila kurudi nyuma kusahihisha. Nywele za mbele na za kwenye panja ni laini kuliko zote, na hupakwa mwisho kabisa.

Ukishamaliza kupaka, rudi ulikoanzia na ulainishe kila mstari kwa mgongo wa kitana au kwa vidole vyenye glavu, kwa mkono mwepesi. Wengi huchana hapa kwa nguvu wakidhani kwamba nguvu ndiyo inayonyoosha. Unywele uliovimba kwa dawa huvutika kirahisi na haurudi, kwa hiyo unachanika kwa ndani hata kama hujaona chochote kikidondoka. Mkunjo ukiwa umelegea kwa sehemu kubwa, inatosha. Nisingelenga unyoofu wa asilimia mia, kwani nywele zilizobaki na wimbi dogo huwa zimebakiwa pia na vifungo vyake.

Ngozi ikianza kuwasha, hata kama ni dakika ya sita, kazi imekwisha. Usisubiri, usipulizie feni, wala usimsikilize anayesema kwamba kuvumilia kidogo ndiko kunakozikoleza nywele. Kuwashwa huko ni dalili kwamba ngozi imeanza kuungua.

Kutoa dawa

Sehemu hii ningependa ipewe uzito sawa na kupaka. Dawa iliyosalia huendelea kufanya kazi chini ya kilemba, na vidonda vingi vya siku ya pili hutokana na kuosha kwa haraka. Tumia maji ya vuguvugu, kamwe yasiwe ya moto, na uyaache yenyewe yabebe krimu bila kusugua kwa kucha. Suuza kwa dakika kadhaa hata baada ya kuona maji yanatoka safi bila krimu, ukiangalia hasa nyuma ya masikio, chini ya kisogo na kwenye mstari wa nywele. Kichwa kiinamishwe ili maji yasiingie machoni.

Ndipo utumie shampuu ya kukata dawa. Hiyo ina asidi hafifu inayozimua alkali iliyosalia na kuyarudisha magamba ya unywele mahali pake, na shampuu ya kawaida haiwezi kushika nafasi yake. Nyingi huwekewa rangi ya kiashirio: povu huwa la waridi palipo na dawa na huwa jeupe dawa ikiisha. Osha mara tatu, na mara ya mwisho liache povu kichwani kwa dakika tano kabla ya kusuuza. Povu likirudi kuwa la waridi, hata kama umechoka, rudia.

Malizia kwa kondishna nzito, chana kwa chanuo la meno mapana kuanzia ncha kuelekea juu, na uache nywele zikauke kwa hewa. Pasi ya nywele na mashine ya kukaushia yenye moto mkali zipumzike kwa wiki nzima.

Ikiwa dawa imeunguza

Mahali palipoungua pasuuzwe kwa maji mengi ya baridi kiasi yanayotiririka, kwa dakika 20 au zaidi. Usipake ndimu wala siki kwa nia ya kuiua dawa, kwa kuwa asidi na alkali zikikutana hutoa joto, na juu ya jeraha joto hilo ni madhara mapya. Usipasue malengelenge. Dawa ikiingia jichoni, suuza kope zikiwa zimefunguliwa kwa muda huohuo, kisha nenda hospitali moja kwa moja hata kama maumivu yamepungua, kwa sababu alkali huendelea kupenya ndani ya jicho kimyakimya. Eneo la ngozi likitoa maji, usaha, au nywele zikitoka na mizizi yake, daktari wa ngozi aone mapema, kwani tundu la unywele likishafunikwa na kovu halioti tena.

Wiki zinazofuata

Nywele huota sentimita moja hivi kwa mwezi. Anayerudia baada ya wiki sita ana sentimita moja na nusu tu ya kufanyia kazi, na brashi haiwezi kubaki ndani ya nafasi hiyo. Wiki 10 hadi 12 ndizo ninazoziona kuwa za chini kabisa, na anayeweza kufika 16 huona mpaka vizuri zaidi na hugusana na dawa mara tatu tu kwa mwaka. Andika tarehe, jina la dawa, nguvu yake na dakika ilizokaa.

Rangi isubiri walau wiki mbili. Misuko ya kubana nayo isubiri, na ikija iwe legelege, hasa kwenye panja, kwa kuwa nywele zenye dawa zikivutwa hunyonyoka mbele haraka kuliko nywele za asili.

Anayeamua kuacha dawa hahitaji kunyoa siku hiyohiyo. Aache nywele mpya ziote, azilowanishe na kuzipaka kondishna kabla ya kuzichana, apitishe chanuo taratibu pale mkunjo unapokutana na unyoofu, maana hapo ndipo penye udhaifu kuliko sehemu nyingine yoyote ya unywele, na apunguze ncha zilizonyooka kidogo kila baada ya miezi miwili au mitatu hadi ziishe.